Kufungua Tena Mkahawa au Ukumbi Baada ya Janga

Mwishoni mwa Aprili 2020, Serikali ya Kenya iliporuhusu mikahawa ifunguliwe tena, iliweka masharti kwamba wahudumu wapimwe kwanza COVID-19, na kwamba wateja wakae umbali wa mita 1.5 na wasizidi wanne katika kila mita 10 za mraba. Julai mwaka huohuo nyumba za ibada ziliruhusiwa kupokea watu wasiozidi 100, kwa ibada isiyozidi saa moja. Masharti ya namna hii hubadilika kadiri maambukizi yanavyopanda na kushuka, kwa hiyo mwenye biashara apate kwanza nakala ya yale yanayotumika wakati huo kutoka kwa afisa wa afya ya umma, asitegemee tangazo la mwezi uliopita. Hata hivyo, ugonjwa unapoenea kwa pumzi, yako mambo matatu ambayo kila sharti huyarudia, nayo ni hewa, muda na idadi ya watu.

Hewa ndiyo inayostahili fedha nyingi zaidi, ingawa ndiyo hupuuzwa kuliko yote kwa kuwa haionekani. Machi 2020, katika Kaunti ya Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya kwa saa mbili na nusu huku mmoja wao akiwa na dalili za mafua. 53 walihesabiwa kuwa wameugua COVID-19, na wawili wakafariki. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba majengo yasiyo makazi wala hospitali yaingize angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu aliyemo. Mkahawa usio na mitambo ufungue madirisha ya pande mbili zinazokabiliana ili upepo upite, na feni moja iwekwe dirishani ikisukuma hewa nje. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani kisihesabiwe kuwa dirisha, kwani huipoza na kuizungusha hewa ileile iliyokwisha kuvutwa na watu. Mwenye uwezo anunue kipimo cha kaboni dayoksaidi, gesi ambayo watu huitoa wanapopumua: hewa ya nje huwa na takriban sehemu 420 kwa milioni, na ndani ikipita 1,000 ni wakati wa kupunguza watu au kufungua zaidi.

Idadi ihesabiwe kabla ya siku ya kufungua. Kwa kipimo cha watu wanne kwa mita 10 za mraba, chumba cha mita za mraba 60 kinabeba watu 24, na ninashauri kwa mkazo kwamba wahudumu wahesabiwe humo, kwa sababu nao wanapumua. Viti vya ziada viondolewe kabisa. Kiti kilichobaki ukutani kitavutwa mezani.

Usafi wa mikono na meza hauhitaji maelezo marefu: maji yanayotiririka na sabuni mlangoni, kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60, na dawa ya klorini isiyochanganywa kamwe na asidi wala amonia. Vile vibanda vya kuwanyunyizia watu dawa wanapoingia visijengwe tena. Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi, Mei 2020, kwamba watu wasinyunyiziwe dawa kwa hali yoyote, kwa kuwa huumiza macho, ngozi na mapafu bila kumzuia mgonjwa kuambukiza wengine kwa pumzi yake.

Hoteli iliyofungwa kwa wiki kadhaa ina hatari nyingine iliyojificha kwenye mabomba, kwani maji yaliyotuama huzalisha Legionella, bakteria wanaosababisha homa ya mapafu. Mabomba yote yafunguliwe maji yatiririke hadi yale ya zamani yaishe, na matangi yasafishwe kabla mgeni wa kwanza hajaoga.

Mfanyakazi mgonjwa abaki nyumbani, na abaki akilipwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara. Kibarua wa siku, anayekosa kinga hiyo, atakuja na homa kwa sababu asipofika watoto wake hawali. Mwenye mkahawa asiyetenga fedha kwa ajili yake ameacha mlango wazi ambao hakuna barakoa itakayouziba.

Kwa harusi, matanga na mikutano mikubwa, chagueni uwanja badala ya ukumbi, na hema lisizungushiwe mapazia. Hotuba zifupishwe, chakula kipakuliwe na wahudumu, na watu waondoke safu kwa safu ili wasisongamane langoni. Orodha ya majina na nambari za simu iandikwe na mtu mmoja, isiachwe mezani kila mpitaji akaisoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka taarifa hizo zitumike kwa lengo lililotajwa tu. Kwa COVID-19, ambayo dalili zake huweza kuchelewa hadi siku 14, orodha ihifadhiwe kwa muda huo kisha iteketezwe. Akitokea mgonjwa, mwandaaji amjulishe afisa wa afya siku hiyohiyo na kumkabidhi orodha, bila kulitangaza jina la mgonjwa kwa waliohudhuria.