Kupima shaba kwenye maji ya kunywa kwa rodamini

Mwanafunzi mmoja aliniomba msaada kwa sababu kila sampuli yake iling'aa, hata maji aliyoyakeneka mwenyewe. Tatizo lake liko hatua ya 3. Kwingine pita haraka tu.

Kihisi, yaani kemikali inayoonyesha shaba kwa kung'aa, ni rodamini B hidrazidi. Haina rangi wala mng'ao mpaka ikutane na ayoni za shaba. Hapo pete ya molekuli hufunguka na rodamini, rangi ya waridi inayong'aa, hutokea. Vihisi vinavyozimika mbele ya metali sivitaki: tope nalo huzima.

1. Loweka chupa za plastiki kwenye asidi ya naitriki ya 10% usiku kucha, suuza, kinga maji. Ukishuku mabomba ya nyumbani, chukua maji ya kwanza ya asubuhi.

2. Tia asidi ya naitriki safi mpaka pH ishuke chini ya 2, shaba isinate kwenye chupa.

3. Rudisha pH. Asidi peke yake huifungua pete ile ile, kwa hiyo sampuli uliyoihifadhi vizuri itang'aa bila chembe ya shaba. Changanya mililita 1 ya sampuli na 9 za bafa ya HEPES (myeyusho unaozuia pH isibadilike; milimola 50 kwa lita, pH 7), kisha pima pH ya mchanganyiko wenyewe. Usiridhike na pH ya bafa chupani. Aliyemimina asidi kwa mkono mzito ameshaishinda bafa. Usitumie bafa ya Tris, hushika shaba. Ya fosfati nayo iache. Halafu andaa jozi: moja kama kawaida, nyingine itiwe EDTA (kemikali inayoshika metali) kidogo *kabla* ya kihisi. EDTA ikitangulia huikamata shaba, basi hiyo ya pili ibaki giza. Iking'aa nayo, unasoma asidi au uchafu. Ukiitia mwishoni haikuambii kitu, maana pete iliyokwisha kuvunjika hairudi.

4. Ongeza mililita 0.1 ya kihisi (milimola 1 kwa lita, kwenye asetonitrili). Subiri dakika 15 kwa zote. Angaza kwa mwanga wa nanomita 530, soma mng'ao karibu na 580.

5. Linganisha na myeyusho sanifu wa 0, 0.5, 1, 2 na 4 mg/L, uliotiwa asidi na bafa vilevile. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 2 mg/L. Maji yakiwa yamepata rangi kutokana na majani, ongeza shaba inayojulikana ndani ya sampuli yenyewe, usome mng'ao unavyopanda.

Zebaki pia inaweza kuwasha kihisi hiki, na EDTA haizitofautishi. Ukiwa karibu na machimbo ya dhahabu, peleka chupa ile ile yenye asidi kwenye maabara.