Maji ya Kunywa Penye Floraidi: Mwongozo kwa Kaya za Chini ya Mlima Meru

Mgeni anayefika Maji ya Chai, mkoani Arusha nchini Tanzania, huambiwa kwamba mji uliitwa hivyo kwa sababu ya rangi ya mto wake, na akichungulia kutoka darajani haoni sababu ya kubisha. Wasiwasi wake wote huishia kwenye rangi. Wenyeji wa hapo na wa miji jirani ya Usa River, Kikatiti na King'ori wanajua, au wangepaswa kujua, kwamba kinachodhuru zaidi hakionekani, kwa kuwa floraidi, aina ya madini yanayoyeyuka majini, haina rangi wala harufu, na maji yenye floraidi nyingi huweza kuwa maangavu kiasi cha kumtamanisha mwenye kiu.

Floraidi hii hutoka katika miamba na majivu ya volkano. Mvua ikizama ardhini huiyeyusha na kuibeba hadi kwenye chemchemi, visima na mito, na ndiyo maana tatizo hili hujirudia katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa, yakiwemo Nakuru na Naivasha nchini Kenya. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi, kisha kiwango cha taifa cha mwaka 2018 kikashusha kikomo hicho hadi 1.5. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa zamani kwamba kisima chake kimefaulu vipimo anapaswa kuuliza kilifaulu kwa kiwango kipi.

Wanaoumia kwanza ni watoto. Anayekunywa maji hayo katika miaka minane ya mwanzo, wakati meno ya ukubwani yanapojengeka ndani ya ufizi, huota meno yenye mabaka meupe au ya kahawia, na hali ikizidi meno hupata vishimo. Doa hilo limo ndani ya jino lenyewe, hivyo kulisugua kwa mkaa au mchanga hula jino na kuliacha doa palepale. Floraidi nyingi zaidi, ikinywewa kwa miaka mingi, hukaza viungo na kuumiza mgongo, na baadhi ya watoto hupinda miguu.

Kosa linaloonekana katika nyumba nyingi, hata za watu waangalifu, ni kuamini kwamba maji yakishachemka yamekuwa salama kwa kila hali. Moto huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, lakini floraidi haiungui wala haipandi na mvuke. Lita 20 zenye miligramu 3 kwa lita zikichemka hadi kubaki lita 16, floraidi yote iliyokuwamo imebaki ndani ya sufuria, na sasa kila lita ina miligramu 3.75. Kinyume chake nacho ni kweli: chujio la floraidi haliui vijidudu. Hatari ni mbili, kila moja ina dawa yake, na mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Anza kwa kupima, kwa sababu chemchemi mbili zilizoachana kwa mwendo wa dakika chache zinaweza kutofautiana sana. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, ikiwemo ya Arusha, ambazo hupokea sampuli za wananchi kwa ada. Sampuli ya floraidi huwekwa katika chupa safi ya plastiki, iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale yanayopimwa. Usitumie chupa ya kioo, kwani floraidi huweza kuathiriana na kioo na kupotosha majibu. Kwa kipimo cha vijidudu, omba maabara ikupe chupa yake iliyotakaswa, usiguse mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko, na uifikishe siku hiyohiyo ikiwa ndani ya chombo chenye barafu. Andika kwenye chupa jina la chanzo, tarehe na saa. Ikiwa nyumba yako inanunua maji ya mkokoteni, muulize mchota maji anakoyachota, kisha ukapime chanzo chenyewe, kwa sababu dumu moja la njano halina tofauti na jingine na muuzaji hubadili chanzo foleni inapokuwa ndefu.

Majibu yakizidi 1.5, si lazima kusafisha kila tone linaloingia nyumbani. Floraidi hudhuru kwa kumezwa. Maji ya kuoga, kufua na kudeki yanaweza kubaki kama yalivyo. Tenga maji ya kinywa, yaani ya kunywa, kupikia na kuchanganyia uji wa mtoto, katika chombo chake chenye koki na mfuniko. Kwa watu watano, lita 5 kwa kila mtu kwa siku hutosha, na jumla yake ni lita 25, kiasi kisichomshinda mtu wa kawaida kukipata au kukichuja.

Chanzo bora cha lita hizo 25 ni paa. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, hivyo huwa na floraidi kidogo sana, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Paa la bati lenye mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, hutoa takriban lita 800, ukiondoa kiasi kinachorukia nje. Kiangazi cha kuanzia Juni hadi Oktoba kina siku 153, nazo zikizidishwa kwa lita 25 ni lita 3,825; tenki la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa masika linaivusha familia hadi vuli. Asiye na uwezo wa kununua tenki la ukubwa huo achanganye: lita moja ya mvua na lita moja ya kisima chenye miligramu 3 hutoa maji yenye takriban miligramu 1.5, ingawa kwa watoto wadogo ni vyema kuwawekea yale ya mvua yenyewe.

Paa lenyewe linahitaji kutazamwa. Bati safi lisilopakwa rangi yenye risasi linafaa, lakini mapaa ya zamani ya asbesto yasitumike kukinga maji ya kunywa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege, hivyo geuza bomba la gata limwage nje kwa dakika kumi au zaidi kabla ya kulirudisha kwenye tenki. Funga wavu mdomoni mwa tenki ili mbu wasitage ndani.

Njia ya pili ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo limefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa uondoaji wa floraidi cha Ngurdoto, karibu kabisa na Usa River. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chenga, kisha hujazwa katika ndoo au pipa ambalo maji hupita polepole na kuacha floraidi yake kwenye chenga hizo. Wapo wanaosita kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa, na ni haki yao kuuliza ni mifupa ya mnyama gani kabla ya kununua. Jambo ambalo halifai ni kujichomea mwenyewe nyuma ya nyumba: mifupa isiyoiva huyapa maji harufu na rangi, na iliyozidi moto hupoteza uwezo wa kushika floraidi, wala jicho la mtu asiye na vipimo halitajua chenga zimefikia wapi.

Chujio jipya likifika, lipitishie maji na uyamwage hadi yatoke bila weusi, kisha anza kutumia. Usilazimishe maji yapite haraka, kwa sababu chenga zinahitaji muda wa kushika. Zikishajaa, chujio huendelea kutoa maji mazuri kwa macho huku floraidi ikipita yote, na hapa ndipo familia nyingi hudanganyika, kwa kuwa hakuna dalili yoyote ya nje. Muda wa kujaa hutegemea wingi wa floraidi na lita zinazopitishwa, kwa hiyo rudisha sampuli ya maji yaliyochujwa maabara kwa ratiba utakayopewa na aliyekuuzia, na usisubiri ladha ibadilike.

Baada ya kuondoa floraidi ndipo uue vijidudu, kwa mpangilio huo, kwa sababu vijidudu huweza kuota ndani ya chujio. Chemsha hadi maji yatokote kwa nguvu, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukitumia dawa ya klorini, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko kwa ujazo wa chombo chako, koroga, na subiri dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, maana tope hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Kisha chota kwa koki. Kikombe kinachozamishwa ndooni pamoja na vidole vinne huharibu kazi yote iliyotangulia.

Jikoni kuna floraidi nyingine ambayo watu hawaihesabu. Magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive upesi huweza kuwa na floraidi nyingi. Ni afadhali kuloweka mahindi na maharage usiku kucha kuliko kutegemea magadi. Makande yenyewe hupikwa kwa saa nyingi huku maji yakiongezwa kila yanapokauka, na kila kikombe kinachoongezwa huleta floraidi yake na kuiacha chunguni. Sufuria la makande, basi, ndilo linalostahili maji ya mvua kabla ya chungu kingine chochote. Mtoto mchanga anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kwani maziwa hayo yana floraidi kidogo sana hata pale mama anapokunywa maji ya kisima. Akianza uji, upikwe kwa maji ya kinywa.

Kuhifadhi na kuchemsha maji huleta hatari zake nyumbani. Tenki la chini na kisima viwe na mfuniko mzito unaofungwa kwa kufuli, na ndoo iliyojaa isiachwe mbele ya mtoto anayetambaa, kwa sababu mtoto huzama hata katika maji yasiyofika goti la mtu mzima. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa bondeni. Dumu lililowahi kubeba dawa ya mimea lisitumiwe kwa maji hata likioshwa mara kumi. Mafuta ya taa na klorini visiwekwe katika chupa za soda wala za maji. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe wala usimpe maziwa, mpeleke hospitali mara moja, kwani akitapika mafuta huweza kuingia mapafuni.

Jiko la mkaa la kuchemshia maji libaki nje au penye dirisha na mlango wazi, na kamwe lisiingizwe chumbani kupasha joto usiku wa Juni na Julai, baridi ya Meru inapouma. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, nayo huua watu waliolala. Hita ya ndoo izimwe na kuchomolewa ukutani kabla mkono haujagusa maji, hata kama mtu ana uhakika kwamba umeme umekatika, kwa sababu huweza kurudi wakati wowote.

Tafuta kalamu ya wino usiofutika na uandike juu ya mfuniko wa chujio mambo mawili: tarehe chenga zilipobadilishwa na kiasi cha floraidi kilichopimwa mara ya mwisho. Atakayebaki nyumbani wewe ukiwa safarini asome hapo kabla ya kumpikia mtoto uji.