Kuchambua Wadau na Mgogoro Kabla ya Kupanga Mageuzi ya Usalama na Haki

Mageuzi ya polisi, mahakama au magereza humwondolea mtu kitu: cheo, bajeti, siri au mlungula. Kazi ya uchambuzi ni kujua nani anapoteza nini na ana uwezo gani wa kukwamisha.

Hatua ya 1. Anza na swali finyu. "Kuboresha polisi" halichambuliki. "Nani atapinga mtuhumiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48?" linachambulika.

Hatua ya 2. Orodhesha wadau, kisha wagawe katika makundi madogo. Kosa kubwa huanzia hapa, pale "polisi" wanapoandikwa kana kwamba ni mtu mmoja. Mkuu wa polisi anaweza kufurahia sifa ya mageuzi. Mpelelezi aliyezoea kutegemea maungamo ya kulazimisha ananyimwa muda, na askari wa kituo anayeuza dhamana anakosa kipato. Usisahau wizara ya fedha inayolipia mafuta ya gari la mahabusu, wazee wa mila wanaosuluhisha kesi zisizofika mahakamani, vikundi vya ulinzi vya mtaani, na mahabusu wenyewe.

Hatua ya 3. Kwa kila mdau jaza safu nne: anachosema hadharani, anachotaka hasa, anachopoteza, nguvu zake. Nguvu usizipime kwa cheo. Karani anayeficha jalada hukwamisha kesi hata hakimu akiwa tayari kuisikiliza.

Hatua ya 4. Tenganisha mzizi wa mgogoro na cheche yake. Ugawaji wa ardhi wenye upendeleo ni mzizi. Kifo cha mtuhumiwa rumande ni cheche. Kisha andika kinachowagawa watu na kinachowaunganisha, kama soko au kisima cha pamoja. Kukipa magari kikosi kinachoogopwa na upande mmoja huongeza mgawanyiko, hata yakiambatana na mafunzo ya haki za binadamu.

Hatua ya 5. Hoji faraghani, mahabusu wasisikilizwe na askari. Dai zito lithibitishwe na vyanzo 3 visivyotegemeana. Majina yawe kwa namba, na ufunguo wake, yaani orodha ya namba ipi ni ya nani, utunzwe mbali na majibu: jedwali la "wapinzani" likivuja, mtu anaweza kuuawa.

Hatua ya 6. Kila mpinzani mwenye nguvu apangiwe jibu ndani ya mpango wenyewe, na mtu wa kulisimamia. Rudia uchambuzi kila miezi 6, na mara tu uongozi wa polisi au wizara unapobadilika.