Jinsi ya kumsaidia mkimbizi asiye na kitu asimame mwenyewe (mfano wa Kakuma na Kalobeyei, makazi ya wakimbizi kule Turkana, kaskazini mwa Kenya)

Wengi wakitaka kusaidia wanakimbilia mtaji, mpe cherehani, mpe 20,000 aanze biashara. Jamani msianzie hapo. Mama mwenye watoto watano asiyejua watakula nini usiku ataiuza hiyo cherehani, na mimi simlaumu hata kidogo.

Anza na tumbo na madeni. Kule Turkana watu kibao wanakula kwa mkopo, mgao wa msaada ukipunguzwa unaenda dukani unachukua unga na mafuta, wengine mpaka wanaacha kadi yao ya pesa za msaada kwa mwenye duka, pesa ikiingia yote inaishia hapohapo. Kaa naye umuulize polepole anadaiwa na nani, shilingi ngapi, halafu mpe hela kidogo ya matumizi kila mwezi miezi kadhaa, mtaji utafuata. BRAC, shirika la maendeleo la huko, walianza hivi Bangladesh mwaka 2002 na familia maskini kabisa, chakula, akiba, mafunzo, mali ya kuanzia, na mtu wa kuwatembelea kama miaka miwili.

Akiba iwe ya kikundi, watu 15 hadi 25 wanaoaminiana, wananunua hisa kila wiki, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu tofauti. Waachie wachaguane wenyewe. Na usitie pesa yako humo, tafadhali, wakijua ni ya mfadhili hawataichunga.

Kabla ya biashara zunguka sokoni naye, kama mtaa mzima unapika mandazi tafuteni kingine. Halafu makaratasi, hapa ndo wengi wanakwama: kitambulisho cha mkimbizi, laini ya simu kwa jina lake, leseni ya kaunti. Sheria ya wakimbizi ya 2021 imefungua mlango lakini kutoka kambini bado unahitaji kibali, kwa hiyo bidhaa za kufuatwa mji wa mbali kama Kitale zitamsumbua, bora achukue mzigo kwa wafanyabiashara wa jumla walioko Kakuma.

Wenyeji Waturkana pia waingie kwenye vikundi, Kalobeyei yenyewe ilianzishwa 2016 kwa ajili ya pande zote mbili na nao ukame unawapiga vilevile.

Mtembelee kila wiki hasa mtoto akiugua, maana mtaji huliwa wakati huo. Kama huwezi kufuatilia familia thelathini miaka miwili, chukua tatu.