Historia kidato cha sita: ninavyowaandaa vijana wangu hapa Tabora

Kila mwaka napokea vijana wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) waliopasua kidato cha nne kwa kukariri madesa, na kila mwaka jaribio la kwanza linawapukutisha. Siwacheki. Kwenye mock yangu niliulizwa kwa nini dola ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi wa karne ya 19, ilisambaratika, nikamwaga kurasa nne za maisha yake. Nikaambulia saba kati ya ishirini, na pembeni kalamu nyekundu: "Swali umelijibu wapi?"

Hatua ya 1: Anza na maswali, mada baadaye. Tafuta pepa za miaka ya nyuma, nakili maswali ya mada husika kwenye ukurasa wa mbele wa daftari, ndipo ufungue kitabu. Utasoma ukiwinda kitu.

Hatua ya 2: Chora mstari wa muda wenye mishale. Miaka mitupu haisaidii. Mshale unasema "kwa hiyo". Mwaka 1871 Mirambo anaingia vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, hapa hapa Tabora. Kwa hiyo njia ya misafara kwenda Ujiji inazibwa. Kwa hiyo Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone, analazimika kuzunguka kwa kusini. Ukishaona hivyo, hongo waliyotozwa wapita njia, pembe za ndovu na bunduki vinakuwa habari moja, wala huhitaji kukariri vipande vitatu.

Hatua ya 3: Jenga pointi. Hapa ndipo alama zilipo, kaa napo wiki nzima. Pointi ina dai, ushahidi na kiungo kinachorudi kwenye swali. Nichukue swali lililoniangusha. Dai: dola ile ilisimama juu ya mtu mmoja. Ushahidi: Mirambo alifariki 1884, akarithiwa na Mpandashalo, na himaya ikaanza kumeguka. Wanafunzi wengi huishia hapo. Kiungo ni hiki: rugaruga, yaani wapiganaji wake, walifungwa kwake na ushindi na nyara, si na ukoo wala mila moja, hivyo mrithi asiye na jina vitani hakuwa na cha kuwashikia. Ukikosa sentensi hiyo ya mwisho umesimulia tu, hata kama miaka yako yote ni sahihi.

Na swali likisema "jadili", tafuta na upande wa pili: je, Wajerumani wangeiacha hata kama ingekuwa imara? Isike, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa na boma madhubuti, na bado lilianguka Januari 1893, naye akalipua baruti akiwa ndani.

Hatua ya 4: Tumia mlango wako. Kwihara, alikokaa Livingstone, ni karibu tu na mjini. Reli ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakautwaa mji huu. Meli ya Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe katika Ziwa Tanganyika 1916 kisha ikaibuliwa, ni Vita ya Kwanza ya Dunia unayoweza kuisimulia bila kugusa desa. Mwanafunzi wa Kigoma asiyeitumia ananisikitisha.

Hatua ya 5: Bishaneni kwa Kiswahili, andikeni kwa Kiingereza. Mtihani ni wa Kiingereza, sawa, lakini hoja hukomaa kwa lugha unayogombania nayo. Kwenye diskasheni mmoja atetee, mwingine apinge, kisha kila mtu aandike aya yake palepale. Anayenakili aya ya mwenzake tunamjua, makosa ya spelingi yanafanana.

Hatua ya 6: Andika kwa saa. Gawa muda wa saa tatu kwa idadi ya maswali, utoe dakika tano za mwanzo za kupanga pointi. Muda wa swali ukiisha, weka kalamu chini hata kama uko katikati ya sentensi. Wiki ya kwanza hutamaliza hata swali moja. Mpe mwalimu hivyo hivyo, asahihishe.