Somo: Kutia dawa maji ya tangi la mji mdogo na kupima mpaka kilula cha mwisho

Habari za kazi wakuu. Somo hili ni la sisi tunaoshika funguo za pampu kwenye miradi midogo: kisima kirefu kimoja, tangi la lita 50,000, vilula (vituo vya umma vya kuchotea maji) kumi na kitu na wateja wachache wa majumbani. Mamlaka kubwa zina mtambo na mkemia wa zamu, sisi tuna ndoo na daftari.

Nianze na aibu yangu. Karibu mwaka mzima nilitia dawa ya klorini tangini kila asubuhi, nikaandika "dawa imetiwa", nikaondoka kifua mbele. Siku moja nikapita kilula cha mwisho, kile cha jirani na shule, nikiwa na kipimo mfukoni. Nikatumbukiza kidonge, nikatikisa, nikasubiri rangi. Hakuna. Sifuri kabisa, huku mtoto ananisubiri niondoke akinge ndoo yake. Daftari langu halikusema uongo, ila lilikuwa linazungumzia tangi, na watu hawanywi tangini.

Kwa hiyo shikeni hivi: klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu, ikutwe kilulani, kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Na bakteria wa E. koli, wale wa kinyesi, wasionekane hata mmoja kwenye mililita 100 za maji.

Hatua ya 1: Tope kwanza. Klorini hailiwi na vijidudu peke yao, inaliwa na uchafu wowote. Maji yakizidi NTU 5 (NTU ni kizio cha kupimia ukungu wa maji), unatupa dawa bure. Kama huna kipimo cha tope, jaza chupa inayoonyesha ndani, iangalie mbele ya mwanga. Ukiona ukungu, yaache yatuame kwanza au safisha tangi. Tangi letu lilipofunguliwa lilikuwa na matope ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na juu ya hayo matope ndipo nilipokuwa namwaga dawa.

Hatua ya 2: Dawa mama, yaani dawa kali utakayoipunguza kwenye maji mengi. Chukua unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Pima gramu 15, tia kwenye lita moja ya maji safi, koroga, acha chokaa ituame, tumia maji ya juu. Hiyo ni asilimia 1. Chombo kiwe cha plastiki. Unga ndio unaingia kwenye maji. Usimwage maji kwenye unga. Vaa glavu na barakoa, fanyia nje. Na tafadhali, usihifadhi unga chumba kimoja na dizeli ya pampu. Klorini kavu ikikutana na mafuta inaweza kuwaka moto yenyewe, na stoo nyingi nilizoingia vitu hivyo viwili vimelala ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 3: Ndoo nne. Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo penye kazi yenyewe: kujua maji yako yanataka dawa kiasi gani. Chota maji ya kisimani kwenye ndoo nne za lita 20. Kwa bomba la sindano, tia dawa mama mililita 1 ndoo ya kwanza, 2 ya pili, 3 ya tatu, 4 ya nne. Koroga, funika, subiri nusu saa. Kisha pima klorini huru kwa kidonge cha DPD namba 1 (kinageuza maji yenye klorini huru kuwa pinki) na ulinganishe pinki yako na ya kwenye kasha. Chagua ndoo iliyosoma karibu na 0.5, kwa sababu klorini kiasi itapotea njiani. Rudia zoezi mvua zinapoanza. Maji ya masika si ya kiangazi.

Hatua ya 4: Hesabu. Tuseme ndoo ya tatu imeshinda. Lita 50,000 gawa kwa 20 ni ndoo 2,500. Zidisha kwa mililita 3, unapata mililita 7,500, yaani lita 7.5 za dawa mama. Kwa unga ni kama gramu 113.

Hatua ya 5: Muda. Mimina wakati tangi linajaa ili ichanganyike, valvu ya kutolea ikiwa imefungwa. Likijaa, subiri dakika 30 ndipo ufungulie mji.

Hatua ya 6: Kilula cha mwisho. Pima tangini, katikati, na mwisho kabisa. Ukikuta sifuri, usikimbilie kuongeza dawa. Rudi nyuma kilula kwa kilula mpaka rangi ionekane. Mimi ilionekana kilula cha saba, cha nane hakuna. Tukachimba katikati: kiungo kimelegea pale bomba linapokatiza mfereji wa maji machafu. Mchana maji yanavuja nje. Usiku pampu ikizimwa na bomba likibaki tupu, linanyonya ya mferejini. Tulikaza kiungo, tukapitisha bomba ndani ya bomba kubwa zaidi, na jioni ile kilula cha shule kikasoma 0.3.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kidonge changu kinageuka pinki halafu rangi inapotea ghafla. Ni kibovu?*
Hapana kaka, klorini imezidi mno mpaka inachubua rangi. Changanya sehemu moja ya sampuli na tisa za maji yasiyo na klorini, pima, kisha zidisha jibu kwa kumi.

*Akina mama wanasema maji yananuka dawa, wamerudi mtoni. Tupunguze?*
Pima kwanza dada. Ikiwa juu ya 0.5, punguza. Ikiwa ndani ya kiwango, usiguse. Mwambie mama achote, aache ndoo na mfuniko wake kwa muda, harufu itapungua. Wakati mwingine harufu kali inatokana na klorini iliyokwisha kushikana na uchafu, kwa hiyo angalia na tangi.

*Huku kwetu Arumeru meno ya watoto ni ya kahawia. Klorini itasaidia? Au tuchemshe?*
Hiyo ni floridi ndugu yangu, inatoka kwenye miamba. Klorini haiigusi, na kuchemsha kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua yenyewe inabaki. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Dawa yake ni kubadili chanzo, kuchanganya na maji yenye floridi kidogo, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa; kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo miaka mingi, waulizeni.

*Maabara iko mbali. Sampuli ya bakteria inakaa muda gani?*
Ifike ndani ya saa 6 ukiweza, isizidi 24, kwenye boksi la barafu. Unguza mdomo wa bomba kwa moto kama ni la chuma, acha maji yatiririke dakika mbili, usiguse ndani ya kifuniko. Na uombe maabara chupa iliyotiwa thiosulfeti. Bila hiyo, klorini iliyomo itaendelea kuua bakteria njiani, nawe utaletewa majibu mazuri ya maji mabaya.