Vitufe vya Emacs nje ya Emacs

Baadhi ya laptopu za mtumba zinazouzwa Kampala hufika vitufe vya mishale vikiwa vimelegea. Mwenye kuchapa siku nzima kwenye duka la Nasser Road anaweza kuviacha kabisa na kutumia vitufe vya Emacs, programu ya kuhariri maandishi: Ctrl+A hupeleka kishale cha kuandikia mwanzo wa mstari, Ctrl+E mwisho, Ctrl+B na Ctrl+F herufi moja nyuma au mbele, Ctrl+P na Ctrl+N mstari wa juu au wa chini. Kwenye terminali (dirisha la amri) ya Linux yenye bash, programu inayopokea amri hizo, zinafanya kazi bila kuwekewa chochote. Kwingineko lazima uziwashe.

Ukitumia GNOME, mojawapo ya mazingira ya eneo-kazi la Linux, andika kwenye terminali:

gsettings set org.gnome.desktop.interface gtk-key-theme 'Emacs'

Kwa Xfce, mazingira mengine ya aina hiyo, ambayo mashine kuukuu huibeba vizuri zaidi:

xfconf-query -c xsettings -p /Gtk/KeyThemeName -s Emacs

Funga programu zilizo wazi, uzifungue upya. Halafu geuza Caps Lock iwe Ctrl, la sivyo kidole kidogo kitakuuma kabla ya jioni: setxkbmap -option ctrl:nocaps. Amri hii ni ya X11, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, nayo hufutika ukitoka, kwa hiyo iweke kwenye orodha ya programu zinazoanza zenyewe.

Mpangilio huu wa Emacs unazifikia programu zilizojengwa kwa GTK 3, na za zamani za GTK 2, tu; GTK na Qt ni zana za kujengea madirisha ya programu. GTK 4 iliuondoa, na za Qt hazijawahi kuusoma. LibreOffice ina jedwali lake: fungua Tools, kisha Customize, kisha Keyboard, upange kitufe kimojakimoja. Inachosha, lakini unaweza kulihifadhi jedwali kama faili na kulipakia kwenye mashine nyingine.

Hatari kubwa iko Firefox. Ctrl+A haichagui tena maandishi yote ndani ya kisanduku, hilo utalizoea. Ila Ctrl+W, ambayo kwenye bash hufuta neno, Firefox imeishikilia kwa kufunga kichupo. Ukiibonyeza katikati ya fomu ndefu ya URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, uliyojaza yanaweza kupotea. Kufuta neno, tumia Ctrl+Backspace.

Ctrl+K nayo hufuta hadi mwisho wa mstari, lakini kwenye GTK haihifadhi ilichofuta. Ctrl+Y itabandika ulichonakili mwisho, si mstari uliopotea. Kwenye bash huurudisha.

Terminali ikiganda baada ya Ctrl+S, bonyeza Ctrl+Q. Hutaki irudie? Ongeza stty -ixon kwenye faili ya ~/.bashrc.